Diski ya Dubai haikatai mashine ya Uingereza

Pita maduka ya simu na elektroniki ya Digo Road, Mombasa, uulize bei ya PS5 (PlayStation 5, mashine ya gemu). Hukosi kuambiwa, "Hii ni ya Dubai, diski za Ulaya haitasoma." Mteja anaingia baridi, au anaongezwa bei kwa ile "inayosoma zote".

Si kweli. Gemu za PS4 na PS5 hazifungwi kwa eneo: diski iliyouzwa Marekani yacheza kwenye mashine ya Japani bila shida. Nintendo Switch, mashine nyingine ya gemu, nayo ni hivyohivyo. Uvumi huu una asili yake, maana PS2 ilifungwa kweli, na hiyo ni sababu mojawapo mafundi walipata kazi ya kuzichipu, yaani kuzitia chipu ya kuvunja kufuli hilo. Watu wakabaki na kasumba ile.

Panapouma ni kwingine. Nyongeza unazonunua mtandaoni, kama ramani au wahusika wapya, lazima zitoke duka la eneo moja na diski. Diski ya Marekani na akaunti ya Uingereza? Pesa umelipa, nyongeza huioni. Basi kabla hujatoa hela, tazama alama ya umri kwenye pembe ya chini ya kasha: PEGI yenye namba kama 12 au 18 ni ya Ulaya, ESRB yenye herufi kama T au M ni ya Marekani.

Filamu za DVD na Blu-ray ndizo zenye kufuli la eneo hadi leo. Lakini nani siku hizi anunua PS5 atazamie DVD?