Dawa ya malaria ya kuweka njia ya haja kubwa: yanayosemwa na ukweli wake

DHANA: mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa.
Hii huku pwani imeshika mizizi kabisa, mtoto anakaza mwili, macho yamegeuka juu, watu wanakimbilia kumfukiza kinyesi cha tembo wakati masaa yanakwenda. Jamani, sindano haiui. Mtoto anafikishwa hospitali malaria imeshapanda kichwani, anafia mkononi mwa nesi, lawama inabaki kwa sindano. Utafiti wa AQUAMAT uliotoka 2010, watoto zaidi ya 5,000 wa Afrika wakiwemo wa Korogwe, Muheza na Kilifi, ulionyesha sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, imepunguza vifo kwa asilimia 22.5 ukilinganisha na kwinini, dawa ya zamani.

DHANA: dawa gani hiyo ya kuwekwa huko nyuma, haiwezi kufanya kazi.
Inafanya, maana inanyonywa na kuingia kwenye damu, na mtoto aliyezimia au anayetapika kila kitu utamnyweshaje kidonge? Ndo maana ikatengenezwa artesunate hiyohiyo ya kuweka nyuma, miligramu 100, ya watoto chini ya miaka 6 walio mbali na hospitali. Mhudumu wa afya wa kijiji anaiingiza, anabana makalio dakika 10, ikitoka ndani ya nusu saa anaweka nyingine. Ilijaribiwa Ghana, Tanzania na Bangladesh, majibu yakatoka 2009: kwa wagonjwa ambao masaa 6 yalipita bado hawajafika kituoni, vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua nusu. Na bado ile yenye ubora uliothibitishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) tukaisubiri mpaka 2018, inauma sana.

DHANA: akiwekewa, homa ikishuka, kapona.
Hapa ndo tunapopoteza watoto. Ile dawa inakununulia muda wa safari basi, siyo tiba kamili. Mradi wa CARAMAL ulifuatilia matumizi yake Kongo, Nigeria na Uganda na haukuona vifo vikipungua, wengi hawakumaliziwa matibabu huko mbele, hadi WHO 2022 ikaziambia nchi zisubiri kwanza kuisambaza zaidi. Panadol nayo ni hivyohivyo, inashusha joto tu, vimelea inaviacha vilevile.

Kwa hiyo akishawekewa tafuta bodaboda hata kama ni usiku. Hospitali anatakiwa apate sindano angalau masaa 24, halafu akiweza kumeza anapewa dawa ya mseto siku 3, na zote zimalizwe hata kama siku ya pili anacheza.