Mtoto wa Mwaka Mmoja Hadaiwi Hatua

Wiki inayofuata Pasaka ndiyo inayonichosha kuliko zote kwenye chumba chetu cha fiziotherapia ya watoto. Watoto wenyewe hawana neno. Kilichotokea ni kwamba ukoo umekutana. Watu wamepanda mabasi, wamefika kwa bibi, pilau imeliwa, kuna mjukuu amebatizwa usiku wa mkesha, na mahali fulani kati ya ibada na soda watoto wawili wa rika moja wamewekwa kwenye mkeka mmoja. Mmoja akanyanyuka akaenda zake. Mwingine akabaki amekaa, anatafuna rimoti ya televisheni. Kuanzia hapo mama wa huyu wa pili hana sikukuu tena.

Jumanne wananijia na sentensi ileile: "Ametimiza mwaka na hatembei." Safari hii mmoja alikuwa ameshaambiwa na wifi yake kwamba mtoto amebemendwa, yaani amedhoofika kwa sababu wazazi wamelala pamoja angali ananyonya, au mmoja ametoka nje ya ndoa. Mtoto ana miezi 12 na wiki moja. Anakaa imara, anajivuta kwenye kiti, anasimama dede akishika ukuta, anacheka na kila mtu aliyeko kwenye benchi. Mama yake analia. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa ili dada na shemeji nao walisome.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa watoto 816 waliofuatiliwa katika nchi tano: Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Walikuwa watoto wenye afya, wananyonya, hawana shida ya chakula. Waliangaliwa lini wanakaa bila kuegemezwa, lini wanatambaa, lini wanasimama wenyewe, lini wanatembea. Wastani wa kutembea bila kushikwa ulikuwa miezi 12 na siku chache. Hiyo ndiyo namba iliyotoroka kwenye vitabu ikaingia mitaani, na njiani ikageuka kuwa sheria.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Wastani hauna maana ya mwisho. Wastani unapatikana kwa kuwajumlisha waliowahi na waliochelewa, kisha kugawanya. Kwa namna namba hizi zilivyojipanga, karibu nusu ya wale watoto wazima kabisa walitembea baada ya wastani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mgonjwa kwa sababu hiyo. Ukitaka kujua mipaka, angalia ncha mbili: wa mapema walianza wakiwa na miezi 8 na kidogo, na wa mwisho walifika miezi 17 na nusu hivi. Ni zaidi ya miezi tisa kati ya ncha na ncha, muda wa kutosha kubeba mimba nyingine. Mahindi ya shamba moja, yaliyopandwa siku moja ya masika, hayatoi mbelewele siku moja, na hakuna mkulima anayeng'oa mche uliochelewa wiki mbili. Lakini mtoto akichelewa wiki mbili kuliko binamu yake, ukoo mzima unaitisha kikao.

Kibaya zaidi ni kwamba siku ya kuzaliwa ndiyo imefanywa siku ya mtihani. Keki imewekwa, mshumaa mmoja umewashwa, simu zote ziko juu, halafu mtu anamshika mtoto kwapani na kumsimamisha mbele ya wageni: "Haya, njoo kwa baba! Njoo!" Mtoto aliyezungukwa na sura ngeni na makelele hafanyi hata yale ambayo ameshayajua. Nimeonyeshwa video nyingi za namna hiyo kama ushahidi wa ulemavu. Zinanionyesha mtoto mwenye usingizi.

Na kama mtoto alizaliwa njiti, hesabu yenu yote imekosewa tangu mwanzo. Aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati, akifikisha mwaka kwa kalenda, mwili wake una miezi kumi. Wiki zile zinatolewa kila unapompima, hadi afike miaka miwili. Mnazisahau mapema mno, hasa mkiona amenenepa.

Kuna fahari nyingine inayoongezewa chumvi kwenye mikusanyiko hii: kwamba watoto wa Kiafrika lazima wawahi, na asiyewahi ana kasoro. Fahari yenyewe ina chanzo cha kweli. Mtafiti Marcelle Geber aliandika mwaka 1957 kuhusu watoto wa Kampala waliokuwa mbele ya watoto wa Ulaya. Baadaye mtafiti mwingine, Charles Super, aliishi na Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, na mwaka 1976 akaeleza kilichokuwa kikifanyika. Watoto wale walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani, kwa sababu wazazi waliwafundisha kwa makusudi. Walikalishwa kwenye kishimo kilichochimbwa ardhini na kuwekewa nguo kuzunguka mgongo ili wasianguke. Walishikwa mikono wakatembezwa kila siku. Lakini katika kutambaa, jambo ambalo wazazi hawakulifundisha, hawakuwa mbele. Maana yake mwili hufuata unachozoezwa. Aliyewahi amezoezwa zaidi, au ana mwili mwepesi, au ana kaka wa kumfukuza uani. Akili yake haihusiki, na wala malezi ya mama wa yule mwingine hayahusiki.

Hata msimu una mkono wake. Denver, Marekani, na baadaye Haifa, Israeli, watafiti waliona kwamba mtoto anayefikia umri wa kutambaa kipindi cha joto huanza mapema kuliko anayeufikia wakati wa baridi. Kule Haifa tofauti ilikaribia mwezi mzima. Wakati wa baridi mtoto anavikwa manguo mazito na hawekwi chini. Kwetu baridi ya namna hiyo haipo, lakini masika yapo. Kuanzia Machi hadi Mei sakafu ina unyevu, uani kuna tope, mbu wamejaa, na mtoto anahamia mgongoni kwa mbeleko au mapajani kwa dada. Ninavyoona mimi, watoto waliokuwa karibu kutambaa mvua zilipoanza wanatulia kidogo, kisha Juni wanafumuka wote kwa pamoja. Sijaona mtu wa huku aliyelipima jambo hilo, nami silitangazi kama ukweli wa kitabu. Ila ukiniuliza ufanye nini Aprili hii, nitakwambia tandika mkeka mkavu sebuleni, sogeza meza, mweke chini kwa tumbo mara nyingi kwa siku, umwache ahangaike.

Kuhusu kutambaa, nyinyi mliosoma mtandaoni kwamba asiyetambaa atashindwa kusoma na kuandika, sijaona ushahidi wa kuniridhisha. Katika utafiti ule wa mwaka 2006, asilimia 4.3 ya watoto hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, na walitembea. Mwaka 2022 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kiliondoa kutambaa kwenye orodha yake ya hatua za ukuaji. Wenzangu wengi walikasirika, nami bado sijui niegemee upande gani. Napenda kumwona mtoto akitambaa kwa sababu mabega na viganja vinapata nguvu, na kwa sababu namna anavyotambaa inanionyesha kama upande mmoja umelegea. Kumwambia mama kwamba mwanawe ameharibikiwa kwa kuruka hatua hiyo, hapana.

Wanaojisogeza kwa makalio ndio wanaonipa kazi. Mtoto anakaa, anajisukuma kwa mguu mmoja, anazunguka nyumba nzima bila kugusa goti chini. Hawa huchelewa kutembea, wengine hupita hata miezi 18, na mara nyingi ukimuuliza bibi anakumbuka kwamba baba yake alikuwa hivyohivyo. Wengi wanatembea wenyewe bila mimi kufanya lolote. Lakini wachache wana misuli legevu yenye sababu nyingine, na kwenye miezi 16 sina kipimo cha mkononi cha kuwatenganisha kwa uhakika. Vitabu vina mstari kwenye miezi 18 na vinaupiga kwa rula. Mimi ninachofanya ni kumwita mtoto tena baada ya wiki sita na kuangalia kama kuna kitu kipya. Kama kipo, hata kidogo, nangoja. Kama hakipo, simngojei afikishe 18.

Sasa vigari vile vya magurudumu vya kumtembezea mtoto, ambavyo shangazi kutoka mjini huleta kama zawadi ya Pasaka. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Mtoto ndani yake anasukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, hajifunzi kuanguka, na anafikia jiko la mkaa na ngazi haraka kuliko unavyoweza kumkimbilia. Havimuwahishi. Viuze.

Viatu vya Pasaka, hasa vile vinavyolia kila akikanyaga: mpige picha akiwa navyo, kisha umvue. Anayejifunza kutembea anahitaji vidole vishike sakafu. Na matege ya mtoto anayeanza kutembea ni ya kawaida, hunyooka yenyewe karibu na miaka miwili; yakizidi badala ya kupungua, au yakiwa mguu mmoja tu, njoo.

Narudi kwenye kubemendwa, maana hili silipiti haraka. Wazazi kulala pamoja wakati mtoto ananyonya hakudhoofishi miguu ya mtoto. Baba kutoka nje ya ndoa ni kosa kwa mama, na miguu ya mtoto haisikii habari hizo. Ninachokiona neno hilo likifanya ni hiki: mama anaacha kumleta mtoto kliniki kwa aibu. Anamfunika kanga. Anapelekwa kwa mtu wa dawa, mtoto anachanjwa chale kiunoni, miezi inapita. Kati ya watoto hao wapo wenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliopata hitilafu mapema ukashindwa kuongoza misuli vizuri, na hao ndio ningetamani kuwaona wakiwa na miezi mitano, wakati ubongo bado unakubali kufundishwa kwa wepesi. Nawapokea wakiwa na miaka mitatu, nyonga zimeshakaza, na mama bado anaanza kwa kuniapia kwamba yeye ni mwaminifu. Mama mkwe unayesoma hapa, nakuomba kwa heshima zote: ukiona mjukuu amechelewa, neno la kwanza litoke hivi, "Twende kliniki, nitakusindikiza."

Na furaha yenyewe ya jambo hili mnaikosa kwa kuhesabu siku. Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake waliwarekodi watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza, na mwaka 2012 wakaandika kwamba kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa moja na kuanguka mara 17. Mara 17 kwa saa! Mwangalieni anayekwenda tata. Mikono iko juu usawa wa mabega, miguu imeachana, tumbo limetangulia. Anaachia kochi, anabaki hewani kidogo, anajishangaa. Anaanguka kwa makalio na wala halii kama hamkupiga kelele. Baada ya wiki chache mikono inashuka, miguu inakaribiana, anaweza kuchuchumaa aokote punje ya karanga na kuinuka bila kushika kitu. Huko kuchuchumaa na kuinuka kunanifurahisha kuliko hatua ya kwanza, maana hapo ndipo nyonga, magoti na macho vimeelewana. Lakini tendo hilo hakuna anayelipiga picha.

Ya kuja nayo bila kungoja ni haya. Miezi 9 imepita na hakai bila kuegemezwa. Ana mwaka, ukimshika kwapani hakanyagi kabisa. Miezi 18 imepita na hatembei. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka, na ule mwingine ameukunja ngumi. Ndugu hushangilia kwamba ni wa shoto, mimi nahofia. Miguu inakakamaa na kupishana ukimbeba, au mwili wote unalegea unakuponyoka mikononi. Hageukii sauti. Na kubwa kuliko yote, kwa umri wowote: alikuwa akifanya jambo, ameliacha. Huyo usisubiri hata wiki iishe.

Ukija, beba kadi ya kliniki, ujue alizaliwa wiki ya ngapi na kama alilia mara moja. Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani anacheza, ameshiba, bila mtu kumwita wala kumsimamisha. Dakika mbili zinatosha. Ukiweza, njoo na baba yake, maana maswali mengine nauliza wote wawili, na mazoezi nitakayotoa si ya mama peke yake.