Chanjo ya homa ya uti wa mgongo: maneno ya hosteli na ukweli wake

"Nilishachanjwa utotoni, alama ninayo begani." Ukimuuliza kijana anayejiandaa kuripoti chuo Dodoma, mara nyingi jibu ni hilo. Alama hiyo ni ya BCG, chanjo ya kifua kikuu wanayopewa watoto wachanga. Inamkinga mtoto mdogo na homa ya uti wa mgongo inayotokana na kifua kikuu, lakini haimgusi bakteria aitwaye meningokokasi, ambaye ndiye anayewaandama vijana wanaoishi kwa kubanana. Penta, chanjo ya watoto yenye kinga dhidi ya Hib, bakteria mwingine anayeleta homa ya uti wa mgongo, iliingia kliniki zetu mwaka 2009, na ya nimonia ikafuata miaka michache baadaye. Aliyezaliwa 2006 hakuzikuta, na hata angezikuta, zisingemkinga na meningokokasi. Chanjo inayozuia aina zake za A, C, W na Y haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto nchini. Unaiulizia mwenyewe, tena mapema, kwenye hospitali kubwa na vituo vinavyochanja wasafiri.

"Kwani mimi naenda Makka?" Ni kweli Watanzania wengi waliopata chanjo hii waliipata kwa ajili ya Hija au Umra, kwa kuwa Saudi Arabia inadai cheti, na sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Lakini tazama sababu: watu wa kila pembe wamekusanyika, wanalala karibu karibu, wanakoholeana. Hosteli ina tofauti gani? Uingereza inawachanja vijana wanaoingia vyuoni tangu 2015. Huko Nottingham, mwaka 1997, watafiti waliwapima koo wanafunzi wapya: siku ya kwanza ya muhula karibu asilimia 7 walikuwa na bakteria huyu, siku ya nne wakawa asilimia 23. Siku nne tu! Wengi wanaombeba hawaugui kabisa, wanampitisha tu kwa mate na kikohozi. Sasa fikiria chumba cha kwetu, dabo deka mbili, na kila kitanda mtu analala na mwenzake aliyekosa nafasi. Mageto ya Ng'ong'ona, mtaa wanakopanga wanafunzi, nayo ni hayo hayo, bumu (pesa ya mkopo wa chuo) likichelewa watu wanahamia kwa mwenye kodi.

Wapo wanaolilaumu vumbi na upepo wa Dodoma. Hawajakosea kila kitu, maana hewa kavu yenye vumbi hukwangua utando wa koo na kumrahisishia bakteria njia. Ila vumbi halimbebi. Anatoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Dhana inayonitisha kuliko zote ni hii: "Malaria imempanda kichwani, mpe mseto alale." Homa ghafla, kichwa kinapasuka, kutapika, mtu anaanza kuongea yasiyoeleweka; mwenzake anashuka duka la dawa, anarudi na mseto na panadol, wanazima taa. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, ingawa mwanafunzi aliyetoka Kigoma au Geita juzi anaweza kweli kuja nayo. Ndiyo maana hata kipimo kikisema malaria ipo, shingo iliyokakamaa isipuuzwe. Mwambie ainamishe kidevu kiguse kifua. Akishindwa, au mwanga ukimuumiza macho, hakuna kusubiri asubuhi. Tazama pia viganja, nyayo na ndani ya kope, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi vipele vya damu havionekani kirahisi kwingine. Vibonyeze kwa glasi, na visipofifia ni dharura. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya saa 24 hadi 48, na hata anayewahi kutibiwa hana uhakika wa kupona bila kuathirika, wengine hubaki viziwi. Wanaoona ni mapepo, nao waombe, ila maombi yaendelee ndani ya gari.

"Wakikutoa maji ya mgongo, unapooza au unakufa." Hili limewafanya ndugu wengi wakatae kusaini. Sindano huingizwa kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, kwa hiyo haiuchomi. Kinachoweza kufuata ni kichwa kuuma siku chache. Wanaofariki baada ya kipimo wengi wao walifika wakiwa wameshazidiwa, na lawama ikabebeshwa sindano. Bila maji hayo daktari anabaki kubahatisha kama ni bakteria, kirusi, fangasi au kifua kikuu, na dawa zake hazifanani.

Kwamba chanjo inamaliza uzazi? Hapana. Ndani yake mna vipande vya sukari ya gamba la bakteria vilivyounganishwa na protini; hamna bakteria hai wa kukuambukiza. Mkono utauma, pengine homa ndogo siku moja au mbili.

Wapo pia wanaoipa sifa isizo nazo: "Nikichanjwa, nimemalizana na uti wa mgongo." Aina ya B ina chanjo yake nyingine, na hii ya A, C, W na Y haizuii virusi, fangasi wala bakteria wa nimonia. Kinga yake huchukua kama wiki mbili kujengeka, hivyo kuchomwa siku ya kupanda basi ni kuchelewa, ingawa ni afadhali kuliko kutochomwa.

Na mmoja akiugua chumbani, mkuu wa hosteli asianze na kuchoma godoro. Bakteria huyu hadumu nje ya mwili. Wanaotakiwa kushughulikiwa upesi ni waliolala naye chumba kimoja na mpenzi wake: hao hupewa antibayotiki ya kinga, kwa mfano siprofloksasini dozi moja, wakiwa bado wazima, bila kujali kama wamechanjwa. Waliopishana naye tu kwenye foleni ya kantini hawaihitaji.