Mgonjwa kufa sio ushahidi wa uzembe: mambo yanayoangusha kesi za hospitali

Kila mama akifia leba au mtu akitoka theatre akiwa amepooza, mtaani hukumu inatoka siku hiyo hiyo: madokta wamemuua, nendeni mahakamani mkalipwe. Hasira hiyo naielewa na mara nyingi ina haki kabisa, ila familia nyingi zinaangusha kesi ambazo zilikuwa na uzito kwa sababu ya kushika maneno ya mtaani. Naongelea Tanzania hapa.

"Matokeo yakiwa mabaya basi uzembe umeshathibitika." Hapana jamani. Mahakama inauliza daktari mwingine mwenye ujuzi wa kawaida kwenye fani ile, akiwa kwenye mazingira yale yale, angefanya nini. Kipimo hicho kimetoka kwenye kesi ya Bolam ya Uingereza mwaka 1957, na huku kwetu kinasikilizwa kwa sababu sheria yetu ya madhara (ya kudai fidia kwa mtu aliyekuumiza kwa kosa lake) imekulia kwenye sheria ya Kiingereza iliyopokelewa tangu 1920. Ila msidhani madaktari wakishateteana basi imeisha, maana mwaka 1997 kesi ya Bolitho, ya huko huko Uingereza, ilisema utetezi wao lazima uingie akilini.

Yapo makosa yanayojieleza yenyewe, kama kitambaa cha upasuaji kusahaulika tumboni. Au lile la MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili mwaka 2007, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja wakachanganywa, aliyetakiwa kupasuliwa goti akafunguliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Hapo mtaalamu wa kuja kueleza kama ni kosa wa nini? Lakini kesi nyingi haziko wazi hivyo, bila daktari bingwa wa fani husika kusimama kama shahidi unabaki na majonzi tu, na majonzi sio ushahidi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoanguka: "Nikionyesha daktari alikosea nimeshinda." Bado. Lazima uonyeshe kosa lile ndilo lililoleta madhara. Kuna kesi moja ya London inaniuma kila nikiisoma, ya Barnett. Alfajiri ya mwaka mpya 1966 walinzi watatu wa usiku walikunywa chai wakaanza kutapika, wakaenda wenyewe hospitali, nesi akampigia simu daktari wa zamu, daktari akasema waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Hakuwagusa wala kuwaangalia. Mchana mmoja wao akafa, kumbe chai ilikuwa na sumu ya arseniki. Jaji akakubali kabisa kwamba daktari alikosea, lakini mjane hakulipwa, kwa sababu ushahidi ulionyesha hata angelazwa asubuhi ile ile dawa ya kuiua sumu isingemfikia kwa wakati. Kwahiyo swali la kujiuliza kabla hujamlipa wakili ni hili, je angetibiwa inavyotakiwa angepona, na nani atakuja kulisema hilo mbele ya jaji?

Ndio maana nasisitiza postmotamu. Najua ilivyo, ndugu wameshakusanyika, kaburi limeshachimbwa, na hakuna anayetaka marehemu akatwe tena. Lakini ukishazika bila uchunguzi wa mwili, wakili wa hospitali atauliza swali moja tu, mnajuaje kilichomuua? Na faili la mgonjwa ombeni mapema kwa barua, muhuri wa kupokelewa ubaki kwenye nakala yenu. Mgonjwa aliye hai ana haki ya kuziona taarifa zake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mkilipata angalieni saa: daktari aliitwa saa ngapi, alifika saa ngapi, dawa iliandikwa saa ngapi na ilichomwa saa ngapi. Kesi nyingi zimelala kwenye hizo saa.

"Ulisaini fomu ya ridhaa, huna chako." Sio kweli, ulikubali upasuaji na hatari zake za kawaida, hukukubali uzembe.

"Lazima uthibitishe bila kuacha shaka yoyote." Hicho ni kipimo cha jinai. Kwenye madai inatosha maelezo yako yawe na uwezekano mkubwa kuliko ya upande wa pili.

"Baraza la Madaktari litanilipa." Baraza linaweza kumsimamisha daktari au kumfuta kwenye daftari, na kulipelekea malalamiko ni jambo jema, lakini fidia inatoka mahakamani.

Halafu muda, hapa naomba mnisikilize vizuri maana watu wanakaa wakisubiri hospitali "iwaite wayamalize". Kesi ya madhara ina ukomo wa miaka 3. Kama hospitali ni ya serikali, ikiwemo ya halmashauri, unatakiwa kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu, halafu kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, ukimuacha shauri lote linaharibika hata kama ushahidi wako ni mzito kiasi gani. Na kama mgonjwa ameshafariki, kamilisheni usimamizi wa mirathi mapema, kwa sababu kwa kawaida msimamizi ndiye anayesimama kama mdai na ile miaka 3 haisubiri kikao cha ukoo.