Flight 19: Nahodha Mmoja, Chombo Mrama

Kila tunapokwenda mashuleni kuzungumzia usalama wa anga, sijamaliza hata kujitambulisha mkono umeshanyooshwa nyuma ya darasa: "Mwalimu, vipi kuhusu Bermuda?" Wanauliza ile Pembetatu ya Bermuda, eneo la Atlantiki linalosemwa humeza ndege na meli. Wengine wameambiwa kuna majini na mashetani huko, wengine wamesikia kuna sumaku kubwa chini ya bahari. Zamani nilikuwa nalikwepa swali hilo. Siku hizi nachora Florida na visiwa vya Bahama ubaoni, naandika 5 Desemba 1945, na kipindi chote kinaishia hapo.

Vita vilikuwa vimekwisha miezi mitatu tu nyuma. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa bado linafundisha marubani katika kituo chake cha Fort Lauderdale, ambako leo ndiko ulipo uwanja wa ndege wa kimataifa wa mji huo. Ndege walizotumia ni Avenger, za injini moja, zilizoundwa kudondosha topido, yaani mabomu yanayokimbia ndani ya maji kuifuata meli. Kwenye saa 8:10 mchana zikaruka 5, zikiwa na watu 14; kundi hilo liliitwa Flight 19. Kawaida wangekuwa 15, lakini mmoja hakuruka siku hiyo.

Zoezi lenyewe lilikuwa la kawaida. Waende mashariki maili 56 za baharini, wafanye mazoezi ya kudondosha mabomu kwenye maji mafupi, waendelee maili 67, wakate kona kuelekea kaskazini maili 73 wakipita juu ya kisiwa cha Grand Bahama, kisha maili 120 za kurudi nyumbani. Naam, njia yao ilikuwa pembetatu, tena ya kupangwa na jeshi.

Setilaiti hazikuwepo. Rubani alishika dira, akatazama saa, akapiga hesabu ya mwendo na upepo, kisha akajiambia: kwa muda huu lazima niwe hapa. Upepo ukizidi kidogo kuliko alivyokadiria, kosa linakua kila dakika, na ndege haikwambii.

Kiongozi na mwalimu wao, Luteni Charles Taylor, hakuwa mwanagenzi. Alikuwa na saa zipatazo 2,500 angani na alishapigana vita Pasifiki. Ila Fort Lauderdale alikuwa mgeni. Alihamia kutoka kituo cha Miami, na huko alizoea kuruka juu ya Florida Keys, mlolongo wa visiwa vidogo unaoanzia ncha ya kusini ya Florida.

Kwenye saa 9:40 alasiri, mwalimu mwingine, Luteni Robert Cox, aliyekuwa angani jirani na kituo, akasikia wenzake wanahangaika redioni. Taylor alimweleza kwamba dira zake zote mbili zimeharibika, chini anaona nchi kavu iliyokatikakatika, na ana hakika yuko Keys.

Hapo huwa naweka chaki chini. Ukiwa juu, visiwa vya Bahama na vya Keys vinafanana kama mtu na pacha wake: mchanga ule ule, maji mafupi yale yale ya kijani. Aliyezoea Keys ataona Keys. Na tofauti ya hapo ni uhai. Aliye Keys akielekea kaskazini atakutana na bara. Aliye Bahama akielekea huko huko atakutana na Atlantiki.

Cox akamshauri kulingana na alichoambiwa: weka jua kwenye bawa la kushoto, panda na pwani hadi Miami. Halafu yeye mwenyewe akageuka kusini kwenda kumpokea. Sauti ya Taylor ilitakiwa iongezeke. Ikawa inafifia, na Cox akamwambia hivyo. Jibu la walikokuwa lilikuwa ndani ya ile sauti inayofifia: hawakuwa kusini.

Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kundi hili lilikuwa na nahodha mmoja, na chombo kikaenda mrama hivyo hivyo. Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Kila mmoja alikuwa na saa kama 300 za kuruka, na dira yake mbele yake. Redioni ilisikika sauti ya mmoja wao ikifoka kwamba wakishika magharibi tu watafika nyumbani. Alikuwa sahihi. Pwani yote ya Florida imelala upande wa magharibi kama ukuta, huwezi kuikosa. Hata hivyo hakuna aliyejitenga, nami siwalaumu: ndege moja peke yake baharini, giza linaingia, ni vigumu zaidi kuonekana. Taylor naye alipoombwa ahamie masafa ya dharura, kwa kuwa stesheni za Kuba zilikuwa zinaingiliana na yale waliyotumia, alikataa akihofia kumpoteza mwenzake mmoja katika kuhama.

Walishika magharibi kwa muda, kisha wakageuka tena mashariki. Kwenye saa 11:50 jioni vituo vya pwani vilikuwa vimeshapima uelekeo wa mawimbi yao ya redio na kujua kwamba wako kaskazini mwa Bahama. Taarifa hiyo haikuwafikia. Nimelifundisha tukio hili mara nyingi, na bado hapo nakasirika. Takriban saa 12:20 likasikika agizo la Taylor: wakaribiane, na ndege ya kwanza ikishuka chini ya galoni 10 za mafuta, wote watue majini pamoja. Avenger tupu ina uzito wa zaidi ya tani 4, na bahari usiku ule ilikuwa imechafuka.

Saa 1:27 usiku ikaruka ndege ya uokozi aina ya Mariner, watu 13 ndani. Dakika kama 23 baadaye meli Gaines Mills ikaona moto mkubwa, ikapita katikati ya mafuta yaliyotanda juu ya maji. Mariner zilijulikana kwa mvuke wa petroli kujaa ndani. Cheche moja ilitosha.

Uchunguzi wa kwanza ulimtwika Taylor lawama. Mama yake akapigania jina la mwanawe, na mwaka 1947 jeshi likabadilisha maandishi: sababu haijulikani. Naielewa huruma hiyo, na ni kweli mabaki ya ndege hizo hayakupatikana. Lakini majini ya Bermuda yaliingilia kwenye maneno hayo mawili. Jina lenyewe la Pembetatu ya Bermuda lilikuja baadaye sana, mwaka 1964, kwenye jarida la Marekani.

Mwaka 1991, watu waliokuwa wakitafuta merikebu za kale zenye hazina walikuta Avenger 5 zimelala chini ya bahari si mbali na Fort Lauderdale. Dunia ikashangilia kwa siku chache. Kisha wakasoma namba za ndege hizo, na hazikulingana. Zilikuwa ndege nyingine, na inaaminika zilianguka siku nyingine, moja moja.