Upako ni nini hasa, na ni wa nani?

Kama umeshakaa kwenye ibada za kilokole au za karismatiki basi neno upako umelisikia mpaka limezoeleka, mtumishi ana upako mzito, leo upako umeshuka, pokea upako wa ndoa, mafuta ya upako, maji ya upako, ila mshike mtu pale nje ibada ikiisha umuulize upako ni kitu gani, utaona anaanza kutafuta maneno. Wengi watakwambia ni nguvu. Wengine watasema ni ule msisimko unaousikia mwilini wakati wa kusifu, na wengine watasema tu ni kitu ambacho mchungaji fulani anacho na yule mwingine hana.

Mimi nimeokokea humo na nimesali humo miaka mingi, na bado naamini Roho Mtakatifu anaponya na anagawa karama kama apendavyo yeye, kwa hiyo msinione ni mtu wa nje aliyekuja kuwasema Wapentekoste. Ninachosema ni hiki: Agano Jipya linampa upako kila mtu aliye wa Kristo, halafu huduma nyingi za siku hizi zimeuchukua zikaufanya mali ya mtu mmoja aliyeshika maikrofoni, na ukishakubali hapo tu, yale mengine yote watu wanayolalamikia yanafuata yenyewe.

Tuanze na neno. Upako ni kupakwa mafuta, basi. Kwenye Agano la Kale walipakwa makuhani kama Aroni na wanawe, wafalme kama Sauli ambaye Samweli alimmiminia kichupa cha mafuta kichwani, Daudi akapakwa katikati ya kaka zake, na Eliya akaagizwa ampake Elisha awe nabii badala yake. Na siyo watu tu, soma Kutoka 30, meza, kinara cha taa, madhabahu, hata birika la kunawia na tako lake, vyote vilipakwa. Kwa hiyo maana ya msingi ni kutengwa kwa ajili ya kazi ya Mungu. Kupakwa hakukuwa cheti cha utakatifu wala kipimo cha nani yuko karibu na Mungu kuliko mwenzake, maana birika halina utakatifu wa moyo, na Koreshi mfalme wa Uajemi anaitwa masihi wa Bwana kwenye Isaya 45 wakati hapo hapo Mungu anamwambia hukunijua. Sauli naye aliyepakwa akaishia usiku kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi kule Endori. Hilo watu huwa wanalipita haraka sana.

Halafu kuna jambo kwenye hiyo hiyo Kutoka 30 ambalo mimi lilinishtua siku nililisoma taratibu. Mungu anampa Musa vipimo vya yale mafuta: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na hini moja (kipimo cha kale cha vimiminika) ya mafuta ya zeituni. Akimaliza anakataza. Yasimiminwe kwenye miili ya watu wa kawaida, yasitengenezwe mengine ya mfano wake, na atakayechanganya kama hayo atakatiliwa mbali na watu wake. Yaani mafuta matakatifu ya upako yalikuwa kitu ambacho hakuna mtu aliruhusiwa kukitengenezea kopi, achilia mbali kukiuza. Sasa chukua ile chupa ndogo inayopangwa mezani mlangoni mwa kanisa, yenye stika ya picha ya mtumishi amenyoosha mkono, igeuze huku na huku, uniambie imetokea kwenye andiko gani.

Masihi kwa Kiebrania, Kristo kwa Kigiriki, yote mawili maana yake ni aliyepakwa mafuta. Kwa hiyo unaposema Yesu Kristo unasema Yesu Mpakwa mafuta, na ndiyo maana kule Nazareti alisimama akasoma Isaya kwamba Roho wa Bwana yu juu yangu, kwa maana amenitia mafuta kuwahubiri maskini habari njema. Angalia upako wake ulikuwa kwa ajili ya nani. Maskini. Mafuta yote ya makuhani na wafalme yalikuwa yanaelekea kwake, na sisi tunayapata kwa kuwa ndani yake, hatuna chupa nyingine pembeni.

Sasa Agano Jipya. Hili neno upako lenyewe kwa Kigiriki, siyo kitenzi cha kutia mafuta, linatokea mara tatu tu, na zote tatu ziko 1 Yohana sura ya 2, mstari wa 20 na wa 27. Na kitu cha kuangalia ni kwa nini Yohana aliliandika. Kulikuwa na watu wametoka kanisani, anasema walitoka kwetu lakini hawakuwa wa kwetu, wakawa wanavuta waumini kwa mafundisho yao, na wale waliobaki wakabaki wanatetemeka kidogo kama watu walioachwa nyuma. Yohana anawaambia nanyi mmepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu, nanyi mnajua nyote. Ninyi. Wingi. Mama aliyekaa benchi la mwisho yumo humo, kijana aliyeokoka juzi yumo. Kisha anaongeza kwamba amewaandikia hayo katika habari ya watu wanaotaka kuwapoteza. Kwa hiyo upako hapo ni kinga ya muumini wa kawaida dhidi ya mwalimu wa uongo, ni Roho aliye ndani yake anayemfanya aisikie kweli na kuishika, na leo hii hilo hilo neno linatumika kumnyamazisha huyo huyo muumini asiulize swali. Paulo naye 2 Wakorintho 1:21 anasema Mungu ametutia mafuta, anajiweka pamoja na Wakorintho, pamoja na fujo zao zote, hajitengi. Tafuta mahali ambapo Petro au Paulo anajiita mpakwa mafuta wa Bwana yeye peke yake ili watu wamwogope. Hakuna.

Ilikuwaje basi tukafika huku? Harakati yenyewe ya Kipentekoste ilianza vizuri kuliko wakosoaji wengi wanavyokubali. Mwaka 1901 kwenye shule ya Biblia ya Charles Parham kule Topeka, Kansas, watu walianza kunena kwa lugha, halafu 1906 William Seymour, mwanafunzi wa Parham, mtu mweusi aliyezaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa, akaongoza mikutano ya Azusa Street, Los Angeles, kwenye jengo chakavu lililokuwa limetumika kama zizi. Mimbari yake yalikuwa makasha ya mbao yamepandanishwa. Weusi na weupe walipiga magoti pamoja kwenye nchi iliyokuwa inawatenga, hawakupitisha sahani ya sadaka, kulikuwa na kisanduku karibu na mlango, mwenye kutoa atoe. Seymour mwenyewe inasemekana alikuwa akiinamisha kichwa chake ndani ya yale makasha akiomba huku watu wengine wakitoa shuhuda. Unaweza kuhoji mafundisho yao kadhaa, mimi nayahoji, hasa lile la kusema asiyenena kwa lugha hajabatizwa kwa Roho wakati Paulo anauliza je, wote wanena kwa lugha na jibu lake ni hapana, lakini pale kiongozi hakuwa nyota.

Kilichobadilika kilikuja baadaye. Mwaka 1948 kule North Battleford, Kanada, ukatokea uamsho ulioitwa Mvua ya Masika, ukafundisha kwamba mitume na manabii wamerudishwa na kwamba karama zinahamishwa kwa kuwekewa mikono na hao watu maalum. Na hapa wengi hawajui, waliokataa mapema kabisa ni Wapentekoste wenyewe. Assemblies of God ya Marekani mwaka 1949 ilipitisha azimio la kuyakataa mafundisho hayo, likiwemo lile la kusema kanisa limejengwa juu ya mitume na manabii wa sasa. Ila mbegu ilishaanguka. Miaka hiyo hiyo wahubiri wa mahema ya uponyaji kama William Branham walikuwa wanajaza watu, Oral Roberts akaingia kwenye televisheni na akaeneza fundisho la mbegu ya imani, yaani sadaka ni mbegu unayoipanda ili Mungu akurudishie zaidi, Kenneth Hagin akafundisha kwamba ukikiri kwa kinywa unakipata, na kuanzia 1960 moto wa karismatiki ukaingia kwenye makanisa ya kihistoria, Waanglikana, Walutheri, Wakatoliki mwaka 1967. Hema kubwa linahitaji jina kubwa kwenye bango, televisheni inahitaji sura moja, na taratibu kazi ya Roho ikaanza kuelezwa kama kitu kinachokaa ndani ya sura hiyo.

Ukitaka kuona kilivyo leo simama pembeni ya madhabahu wakati wa maombezi. Mpiga kinanda anashikilia zile sauti ndefu za taratibu, haachi hata sekunde iwe kimya. Vijana wawili wanasimama nyuma ya kila anayeombewa, mikono imeshatangulia kunyooshwa kabla mtumishi hajafika, na mwingine ana vitambaa vya kuwafunika kina mama miguu. Yaani kuanguka kumeshapangiwa wafanyakazi. Mtumishi anapuliza, anapiga koti, anasema pokea! Asiyeanguka anasukumwa paji la uso kidogo, na akiendelea kusimama anaambiwa ana kizuizi. Sisemi wote wanaigiza, wapo waliolia pale kwa uchungu wa kweli na Mungu akawasikia, lakini mtu aliyeanguka anaenda nyumbani akiamini alichopata kimetoka kwa yule bwana, na wiki ijayo atamrudia yeye.

Andiko linalobeba haya yote ni Isaya 10:27, upako unavunja nira, limeandikwa kwenye fulana na mabango. Soma sura nzima, habari yenyewe ni Ashuru na Yuda, nira ni ukandamizaji wa Waashuru, na neno la Kiebrania lililotafsiriwa kutiwa mafuta wengi wanalisoma kama unono, picha ya ng'ombe aliyenenepa shingo mpaka nira inapasuka. Hata ukibaki na tafsiri yetu ya kutiwa mafuta, hakuna mahali Isaya anasema nira inavunjwa na mtumishi mwenye kiwango.

Andiko la pili ni Zaburi 105:15, msiwaguse masihi wangu. Hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu limefunga vinywa vya watu walioona dhambi wazi wazi, pesa zimeliwa, binti ameharibiwa, na wakaambiwa ukimsema mtumishi utapigwa na laana. Zaburi hiyo inasimulia Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, na Mungu anawakemea wafalme wasiwadhuru. Ni mwenye nguvu anakatazwa kumdhuru mnyonge, sisi tumeligeuza. Daudi hakumuua Sauli kweli kwa kuwa alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana, lakini alisimama mlangoni mwa pango akamwambia makosa yake kwa sauti mbele ya askari wake. Nabii Nathani alimwambia Daudi wewe ndiwe mtu huyo. Paulo alishindana na Petro uso kwa uso kule Antiokia, mbele ya wote. Na Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walisifiwa kwa kuchunguza maandiko kuona kama mtume Paulo anasema kweli!

Upako ukishakuwa mali ya mtu, unakuwa na bei. Hapo ndipo mbegu inapoingia, panda kwenye upako huu, gusa upako huu kwa sadaka ya namna hii, na Simoni wa Samaria, yule mchawi wa Matendo 8 aliyetaka kununua nguvu ya Roho kwa mitume, anarudi akiwa na fedha mkononi ila safari hii hakuna Petro wa kumwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Mwaka 2019 Benny Hinn mwenyewe, mhubiri maarufu wa uponyaji wa kwenye televisheni, alisema hadharani kwamba kumwambia mtu atoe dola 1,000 na kuiwekea injili bei ni kumkosea Roho Mtakatifu. Maneno yametoka kwa mtu aliyekaa ndani ya mfumo huo miaka mingi, siyo kwa adui wake.

Na ukishakuwa mali ya mtu, mgonjwa asiyepona inabidi awe na kosa yeye, maana upako hauwezi kukosea. Trofimo, mwenzake Paulo katika safari, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa na Paulo hakumlaumu imani yake, Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Tulikuwa na mama mmoja kwenye kikundi chetu cha maombi, ana kisukari, akatangaziwa uponyaji mbele ya watu na akaambiwa kurudia dawa ni kurudisha ugonjwa. Akaacha. Wiki ya tatu tukamkuta amelazwa, mguu umefungwa bandeji mpaka kwenye goti, na waliomtangazia uponyaji wakatuma ujumbe kwamba aliruhusu shaka. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, hivi mimi ndiyo sina upako? Nikamsomea 1 Yohana 2:20, akaniambia nirudie, nikarudia.

Jioni hiyo walikuja wazee wawili wa kanisa dogo la jirani yake, hakuna aliyewajua wodini. Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na wao walifanya hivyo hivyo, wametembea wao kumfuata yeye, wana kachupa kasiko na stika yoyote. Walimpaka tone moja kwenye paji la uso, wakaomba labda dakika tatu, sauti ya kawaida, kitanda cha pili hata hawakuamka. Walipomaliza mmoja akamgeukia nesi akamuuliza sindano yake ya insulini ni saa ngapi, akavuta kiti akakaa kuisubiri pamoja naye.