Fuvu chini ya kichwa cha udongo: mitungi ya mazishi ya Amerika ya kale

Dhana: Ndani ya mitungi hiyo mna majivu.

Ukitaja mtungi wa mazishi, wengi huwaza maiti iliyochomwa moto. Wapo waliochoma kweli. Waazteki wa Meksiko ya kale waliwachoma watawala wao. Lakini chukua mitungi ya Maracá, katika jimbo la Amapá, kaskazini mwa Brazili. Ndani mna mifupa mizima. Marehemu alisubiriwa mpaka nyama ikaisha, ndipo mifupa ikakusanywa na kupangwa kwa utaratibu: nyonga chini, mifupa mirefu ya mikono na miguu pembeni, fuvu juu.

Sasa utazame mtungi wenyewe. Ni mtu aliyeketi kwenye kigoda chenye umbo la mnyama wa miguu minne, mikono ikiwa magotini, viwiko vimetokeza. Kiwiliwili ndicho chungu, kichwa ndicho kifuniko. Mara nyingi hata jinsia imefinyangwa waziwazi. Fuvu la marehemu, basi, lipo chini tu ya uso wa udongo. Mimi naona hapo pana upendo mkubwa: aliyepoteza nyama amepewa mwili mwingine, akaketi tena.

Dhana: Mitungi yote ilifukiwa.

Ya Maracá iliwekwa juu ya sakafu za mapango, wazi kabisa, hivyo aliyeingia aliwakuta wazee wake wameketi. Kisiwani Marajó, kwenye mlango wa mto Amazon, mambo yalikuwa mengine. Huko watu waliinua vilima vya udongo ili kukwepa mafuriko, wakaishi juu yake na kuzika mitungi humohumo.

Dhana: Ufinyanzi mzuri hivyo lazima uliletwa na wageni.

Hii inaniuma, maana ilisemwa na wataalamu. Betty Meggers na Clifford Evans, waliochimba Marajó mwishoni mwa miaka ya 1940, walidai mafundi hao walitoka upande wa milima ya Andes, kwa kuwa eti msituni ustaarabu hauwezi kudumu. Baadaye utafiti wa mwanaakiolojia Anna Roosevelt ulionyesha kwamba utamaduni huo ulikua palepale, ukadumu karne nyingi. Mitungi yenye nyuso za macho makubwa kama ya bundi ni kazi ya wenyeji.

Dhana: Kinachoitwa mtungi wa mazishi lazima kilibeba mabaki ya mtu.

Wazapoteki wa Oaxaca, Meksiko, walifinyanga sanamu zilizoketi, kila moja ikiwa na chombo cha mviringo mgongoni. Nyingi hukutwa tupu. Ziliwekwa makaburini pamoja na maiti, na baadhi huvaa alama za Cocijo, mungu wa mvua na radi. Jina “mtungi wa mazishi” tumezibandika sisi. Tena vipimo vinavyoonyesha udongo ulichomwa lini vimebaini kuwa kadhaa zilizomo kwenye makumbusho ni za kughushi. Mojawapo iliyo halali na mahali pake panajulikana ni ile ya Kaburi namba 104 huko Monte Albán, mji wa kale wa Wazapoteki: ilikutwa kwenye shubaka juu ya mlango, imeelekea nje, kwa anayekuja.